Mashine Isiyo na Usukani

Jumatatu, 2 Machi 1998. Kisesa

Mvua tena. Elinino haijachoka. Nyasi za uwanja wangu zimenifika kifuani. Juzi kuku wa Tereza aliingia humo na vifaranga wanane. Leo amerudi kifaranga mmoja, na hana habari ya kutoa.

Nyumba mpya imekwisha. Bati, dari, choo cha ndani, vyote kwa kiinua mgongo changu. Miaka ishirini na moja nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, mpaka soko huria lilipokuja likanituma nyumbani. Mimi na mke wangu Tereza tunakaa nyuma, kwenye nyumba ya zamani ya udongo. Mpya si ya kukaa sisi. Ni ya Wazungu wa dhahabu. Wamejaa Mwanza siku hizi, wanapimapima miamba na kulipa kodi kwa dola!

Leo alipita Mama Wilhelmina, dalali wa nyumba. Akasema Mzungu kabla hajaangalia choo anaangalia majani. Anataka uwanja umelala kama zulia. Ana mteja na mkewe, atawaleta Jumatatu ijayo. Kisha akavuka barabara akaenda kumwambia Antoni maneno hayohayo!

Antoni ni jirani yangu na mwiba wangu. Tulianza kazi siku moja, yeye karani wa stoo. Nikijenga, anajenga. Nikipaka rangi, anapaka. Nikichimba kisima, anachimba, na chake kinatoa maji. Leo kaweka wanawake sita wenye mafyekeo. Wanafyeka huku wanaimba. Wanaimba vizuri, ndicho kinachoniudhi.

Nitamkomesha. Mimi sitashika fyekeo. Nitanunua mashine.

Jumatano, 4 Machi

Nimezunguka mjini kutwa nzima kuchagua. Mashine haichukuliwi hivihivi. Hata sangara unamfunua mashavu kwanza.

Ya kwanza ni ya mapadri, ya kusukuma kwa mikono. Imara, bei nzuri. Lakini utaisukuma mwenyewe, jasho linatoka, halafu Antoni apite aniulize kama misheni wameniajiri bustani. Hapana.

Ya pili ni ya kukalia, ina usukani, ya daktari mmoja wa mifugo, Mzungu anayerudi kwao. Nilikwenda na Zadok, fundi kutoka Rorya mwenye gereji pale Igogo. Aliisikiliza ikinguruma, akafumba macho. Akasema chukua hii, mkanda wake unapatikana mjini, na kwenye mawe itakwenda taratibu. Nikamwuliza inageukaje. Akasema kama trekta, unazunguka. Nikamwambia kuzunguka ni mambo ya zamani.

Ya tatu! Iko kwenye kambi moja ya wapima dhahabu iliyofungwa. Nyekundu. Haina usukani kabisa! Ina vishikio viwili vya chuma, kulia na kushoto. Sukuma vyote, inakwenda mbele. Vuta vyote, inarudi nyuma. Sukuma kimoja na kuvuta kingine, inageuka palepale ilipo, haisogei hata futi moja. Upana wa visu, sentimita mia moja na ishirini na mbili. Kiti kina mto. Na kuna tundu la kuwekea chupa ya soda! Mlinzi aliniruhusu nikae. Nilikaa. Ilibidi aniombe nishuke.

Zadok akasema hiyo ni ya uwanda, na uwanja wangu ni mawe matupu. Nikamwambia mawe yanaondolewa. Akasema mawe ya Kisesa aliyaweka Mungu, tena hakuyaweka juujuu. Mafundi wana kiburi sana.

Nilirudi na kitabu chake cha Kiingereza. Rebeka, binti yangu mdogo aliye kidato cha pili, akanisomea. Akasema ukurasa wa kwanza pekee umeandika neno hatari mara kumi na moja. Nikamwambia afungue wa pili.

Bei yake si mchezo. Lakini zizini nina ng'ombe kumi na wawili.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeuza. Wote, mnadani, kabla ya saa sita.

Hao ni ng'ombe wa Sabina, binti yangu mkubwa. Aliolewa Magu mwezi wa nane mwaka jana, na Luhaga, mtoto wa mzee Ndalahwa. Mahari safi, hakuna hata mmoja mwenye pembe mbovu. Kaka yangu Chenge aliposikia alikuja mnadani mbio, akanishika mkono mbele za watu. Akasema ng'ombe wa binti hawauzwi kabla binti hajazaa. Ndoa ingali mbichi. Ikivunjika, wenyewe watawataka, na pasipo ng'ombe mtoto harudi kwao. Nikamwambia huo ni ujima, sasa hivi ni soko huria. Akasema mkataa pema, pabaya panamwita. Chenge ana methali mia na suruali moja.

Tereza alitoka nje. Aliufunga mlango wa zizi tupu kwa miti, mmoja mmoja, kama jioni zote. Kisha akaingia jikoni.

Rebeka akauliza, Baba, si ng'ombe ndio wanaokula nyasi? Kwa nini usingewafungulia tu uwanjani? Nikamwambia ng'ombe wanakunya. Mzungu hawezi kukanyaga mavi kwa dola. Halafu nikamwuliza kama hana mitihani.

Jumapili, 8 Machi

Imefika jana kwa lori. Kisesa nzima ilitoka. Hata wanawake wa Antoni waliacha kuimba. Ah, raha!

Leo baada ya misa nikaiwasha. Shati jeupe. Miwani ya jua. Soda ndani ya tundu lake. Nikasukuma vishikio vyote viwili, ikaenda! Mita kumi za utamu. Nyasi zinalala nyuma yangu, watu wanashangilia, mimi nawapungia mkono. Kumbe si ya kupungia mkono. Kishikio kimoja kikabaki peke yake.

Ikageuka palepale, kweli kabisa kama nilivyoelezwa. Tatizo haikuacha. Nilimwona Antoni, zizi, Tereza. Antoni, zizi, Tereza. Mara sita au saba. Nikavamia kishikio cha pili, ikachomoka kama mbuzi aliyekata kamba, ikavuka barabara, ikapasua ua wa minyaa wa Antoni, ikarudi kwangu kwa njia nyingine, ikaingia jiko la nje. Ukuta mmoja chini. Chungu cha maharage chini. Mimi mzima. Soda haikumwagika hata tone!

Utomvu wa minyaa umeniingia jichoni. Naandika kwa jicho moja.

Antoni alikuja mbio kuuliza kama nimeumia. Mnafiki.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya Wazungu. Nusu ya uwanja imekatwa. Nusu bado, lakini nimeegesha mashine katikati ili macho yaishie hapo.

Saa tatu basi la kutoka Magu linasimama barabarani. Anashuka Sabina. Hana begi, ana kitenge tu. Jicho limevimba, limefunga. Mkono wa kushoto umening'inia vibaya, ameushika kwa wa kulia. Luhaga. Kwa mchi wa kutwangia.

Siku zote za mwaka! Leo!

Nilimpa pole. Nilimpa pole kwanza, liandikwe hilo. Kisha nikamwomba akae nyumba ya nyuma mpaka wageni waondoke. Tereza akanitazama. Akasema, Baba Sabina, mtoto amevunjika. Nikasema nimeona, ni saa moja tu. Hakungoja hata dakika. Alimshika mwanawe, wakatoka kutafuta gari la kwenda hospitali, na pale getini wakakutana uso kwa uso na Wazungu.

Yule Mzungu wa kike alimtazama Sabina. Majani hakuyatazama. Akauliza kitu, Mama Wilhelmina akajibu kwa Kiingereza huku anacheka cheko la biashara. Nikaonyesha mashine. Nikaonyesha tundu la soda. Walikaa dakika tano. Kwa Antoni walikaa arobaini.

Alhamisi, 12 Machi

Sabina ana plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Wiki sita. Tereza anasema hii ni mara ya tatu, ya kwanza ilikuwa Oktoba. Mimi sikuambiwa. Tereza anasema niliambiwa, ila nilikuwa juu ya ngazi napaka dari.

Jioni nilikuwa nakaza nati za kiti. Sabina akaja, akapiga goti, akanisalimu. Akasema harudi Magu. Akasema, Baba, warudishie ng'ombe wao, nikae hapa. Atalima, atafua nguo za watu, hatanilemea. Akasema safari ijayo Luhaga atamuua. Hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

 Ni mtoto wangu wa kwanza. Alipokuwa mdogo nilikuwa naenda naye kazini, nampandisha kwenye mizani ya pamba, nampima, anacheka. Kilo kumi na nne. Alijua kusoma namba kabla hajajua herufi.

Nikamwambia tutaona. Akalitazama zizi. Akaitazama mashine. Akasema asante Baba, akaondoka.

Jumamosi, 14 Machi

Wakwe wamekuja. Mzee Ndalahwa na wazee wawili, fimbo mkononi. Chenge alikaa upande wetu. Luhaga hakuja, wamesema ana homa.

Ndalahwa si mtu wa maneno mengi. Akasema kijana amekosa, atatoa beberu wa kuomba radhi, mke arudi. Asiporudi, sawa, ng'ombe kumi na wawili warudi na maneno yaishe, kila mtu kwao. Ametupa mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Kusema kweli ni mzee mwungwana, ndiyo maana nilitokwa jasho.

Zizi lilikuwa mbele yetu, limefungwa kwa miti. Ndani kuna kuku. Nikaona bora nifanye biashara. Nikawapeleka kwenye mashine.

Nilieleza vizuri, sijilaumu. Upana wa visu. Mto wa kiti. Kugeuka palepale. Nikasema wazee wangu, hawa ndio ng'ombe wenu kumi na wawili, wamebadilika umbo tu. Ndalahwa aliizunguka mara mbili. Akainama akaikagua kwa nyuma, kama anakagua mtamba. Akauliza, inazaa? Nikasema hapana. Inalima? Hapana. Ikifa, inalika?

Chenge akawa anatazama viatu vyake. Ndalahwa akasema ana mifugo mia mbili huko Magu na yote inakata nyasi. Wakaaga.

Sabina alikuwa amesimama mlangoni muda wote, plasta imefungwa shingoni kwa kanga ya mama yake. Sikuthubutu kupita mlango ule. Nilizunguka nyuma, nikaingia kwa dirishani. Miaka hamsini na mbili niliyo nayo!

Jumatano, 18 Machi

Chenge ana ng'ombe wawili tu duniani. Amesema atawatoa wote. Bado kumi.

Nimekwenda Igogo kwa Zadok. Akasema injini peke yake ingefaa mashine ya kusaga, lakini wenye mashine za kusaga hawatatoa zaidi ya thamani ya ng'ombe wanne, maana nimekwisha kuigongesha jikoni. Nikaenda kule kambini niirudishe. Mlinzi hayupo. Hata geti halipo.

Nikarudi nimekata tamaa. Nilikaa kwenye kiti cha mashine, nikalia. Sioni aibu kuandika. Tereza alinipita na ndoo ya maji, akaniona, hakusimama.

Ndipo akaja Antoni. Akavua kofia. Akasema amesikia habari za binti yangu. Akasema ataichukua mashine kwa ng'ombe kumi. Wapo zizini kwake, nikawatoe kesho, au hata leo nikitaka. Kumi! Na wawili wa Chenge, kumi na wawili kamili!

Moyo uliruka. Nikasema Mungu yupo! Nilishanyoosha mkono.

Kisha nikafikiri. Kufikiri kwangu ndiko kumenifikisha hapa nilipo. Antoni ana wanawake sita wa kufyeka. Mashine ya nini? Hakuuliza upana wa visu. Hakuuliza mkanda. Hakuuliza hata kama inawaka! Mtu hatoi ng'ombe kumi hivyo bila kuwa na lake. Nikazungusha akili mpaka nikaliona. Mama Wilhelmina alisema Wazungu wataamua wiki ijayo. Watapita hapa, wakute mashine nyekundu iko kwa Antoni, na Antoni amekaa juu yake, chupa ya soda imo tunduni! Nani atapanga kwangu, penye zizi la kuku na jiko la kuta tatu? Hila tupu! Anataka kunimaliza kwa kisingizio cha mtoto wangu!

Nikarudisha mkono. Nikamwambia haiuzwi. Aliizungusha kofia yake vidoleni. Akasema, Maige, ndugu yangu, mfikirie mtoto. Nikamwambia watoto wangu nawafikiria mimi. Akavaa kofia, akaenda zake.

Tangu 1974 hii ni mara yangu ya kwanza kumshinda Antoni. Chakula cha jioni hakikupita. Labda malaria.

Jumapili, 22 Machi

Wamemchukua.

Ndalahwa alikuja na beberu wa radhi, mweupe, mnene. Luhaga naye alikuja, homa imepona, shati limepigwa pasi. Akanipa shikamoo ya heshima sana. Nilimpa maneno makali. Nikamwambia mke hapigwi mchi. Akasema ndiyo Baba, hatarudia. Nikamwona kijana msikivu.

Tereza alikuwa amejifungia ndani na Sabina tangu alfajiri. Alipotoka akasema, mbele ya wakwe, kwamba mimi nimemuuza mtoto mara mbili, na mara hii ya pili nimemuuza bure. Mbele ya wakwe! Chenge hakumkemea. Ndalahwa mwenyewe aligeuza uso akatazama barabara.

Kabla ya kupanda gari Sabina alinijia pale uwanjani. Akapiga goti, mkono wake mzima umeshika chini. Shikamoo Baba. Nikasema marahaba mwanangu, vumilia, ndoa zote ndivyo zinavyoanza. Akasema mke wa Antoni amemwambia kwamba mumewe alitoa ng'ombe kumi Jumatano, nikakataa. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia nyumba ile wana mdomo mrefu.

Alinitazama. Nilingoja alie. Angelia ningejua la kufanya, ningemshika, ningesema neno. Hakulia. Alinyanyuka, akapangusa vipande vya majani magotini, maana nilikuwa nimekata asubuhi ileile, akaenda akapanda gari upande wa nyuma na beberu akashushwa.

Nimekata tena uwanja jioni. Haukuwa umeota.

Ijumaa, 27 Machi

Wazungu wamechukua nyumba ya Antoni. Mama Wilhelmina anasema mambo ya majani hayakutajwa hata mara moja. Yule Mzungu wa kike alikuwa amekwisha kataa kwangu tangu siku ile ya getini. Hakutaka kukaa mahali alipomwona binti aliyevunjika mkono, huku baba yake ameegemea mashine. Nilimwambia Mama Wilhelmina kwamba nilikuwa sijaegemea, nilikuwa naionyesha. Kwa hiyo Sabina ndiye aliyenikosesha mpangaji. Simlaumu. Lakini ndiyo hivyo.

Tereza amehamia kwa Chenge tangu Jumatatu. Hasemi atarudi lini. Alimtuma mtu Magu kumwangalia Sabina, akajibiwa yuko shambani anapalilia. Na plasta? Labda anasimamia tu. Rebeka amebaki mpaka amalize mitihani, kisha atamfuata mama yake. Ananipikia ugali kwenye jiko la kuta tatu, anauweka mlangoni, anaondoka. Zamani angalau alikuwa ananicheka.

Mashine nayo juzi imegonga jiwe. Visu viwili vimepinda, mkanda umekatika. Zadok anasema vipuri vyake ni mpaka Afrika Kusini. Nilimuuza beberu, hakutosha hata mkanda. Zadok akaniambia nimshukuru Mungu, niuze injini, niache. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kosa halikuwa kununua mashine. Kosa lilikuwa kununua ndogo. Ng'ambo ya ziwa kuna kambi nyingine inafungwa, wana yenye visu vya sentimita mia moja hamsini na mbili, na injini inayopita juu ya mawe, na taa mbele! Antoni na Wazungu wake wataiona kila siku kutoka barazani kwao.

Mchana alipita mshenga kutoka Nyanguge. Kuna familia imemwona Rebeka akitoka shule, wameridhika naye. Nilimpasha! Nikamwambia mtoto ana miaka kumi na sita, anasoma, mama yake hayupo, na nyumba hii imeshaona makubwa. Watu hawa hawana haya? Akaomba radhi, akaokota fimbo yake, akatoka.

Alikuwa amefika barabarani nilipomwita arudi. Nilitaka tu kujua ng'ombe wangapi.